Mkono wa Thakurji

Thika,
10 Februari 1955

Kwa Baba Kamene,

Salamu kwako na kwa Mama Kamene. Ningeuliza habari za kila mtu wa nyumba yenu mmoja mmoja, kama mkeo alivyonifundisha alipokuwa yaya wangu, lakini jambo lililoniketisha hapa linanichoma, na nikianza na salamu sitalifikia. Nivumilie.

Nimemvunja Thakurji.

Ulimwona siku ya harusi yangu. Ni yule Krishna wa mti, urefu wake kama kutoka kiwiko chako hadi ncha za vidole, anayepiga filimbi. Ndiye mungu wa nyumba ya mume wangu. Kila asubuhi anaogeshwa, anavikwa nguo, anapewa maziwa yenye sukari. Kazi hiyo ilikuwa ya Biji, mama mkwe wangu, mpaka macho yake yalipozimika. Sasa naifanya mimi, naye huketi kando akiimba. Jana alitoka kidogo kwenda kunawa. Thakurji alikuwa na mafuta mwilini, akaniteleza. Mkono wa kulia umekatika chini ya kiwiko, ukabaki sakafuni peke yake umeshika filimbi.

Kwetu sanamu ikivunjika haiabudiwi tena, inapelekwa mtoni. Aliyenifundisha sheria hiyo ni Biji mwenyewe. Na ni Biji huyo huyo ambaye India ilipogawanywa alitoka mjini kwao Lyallpur akiwa na nguo alizovaa na Thakurji kifuani. Nyumba, shamba na dada yake vilibaki upande wa pili. Nikimwambia ukweli atasema twende mto Chania leo leo, atamtia majini kwa mikono yake, kisha atarudi alale auelekeze uso ukutani asile tena. Namjua, Baba Kamene. Nitakuwa nimemuua mama wa mume wangu kwa kuosha sanamu.

Nimemwambia Thakurji amepelekwa Nairobi kwa sonara apimwe taji jipya la sikukuu ya Holi. Ameamini, au amenyamaza, sijui. Mume wangu Mohanlal yuko Mombasa anangoja mabati ya duka yatoke bandarini, naye kwa mambo ya sheria ni mkali kuliko mama yake. Holi ni mwezi ukijaa, mwanzoni mwa Machi. Kabla ya hapo lazima awe amerudi mahali pake, mzima.

Makau wa lori la mbao anakuletea. Tafadhali usimweke chini sakafuni. Asikae karibu na nyama wala mayai. Usiku mfunike. Baba yangu, ulipokuwa fundi wake wa mbao, alikuwa akisema hakuna kilichovunjika Ruiru ambacho Muasya hakukiunga. Nakuomba uthibitishe maneno ya marehemu.

Mimi,
Shakuntala

*

Ruiru,
17 Februari 1955

Mama Madhuri,

Salamu zako tumezipokea, hata zile ulizoziruka. Yaya wako Mbithe anasema hakukufundisha uandike barua kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Mgeni wako alifika salama. Nimempigia rafu yake mwenyewe ukutani, juu ya meza yangu ya kazi. Kuhusu nyama, Mbithe ameipiga marufuku nyumba nzima. Tunakula maharagwe na mahindi, mahindi na maharagwe, na watoto wananiuliza huyu bwana wa rafuni ataondoka lini. Jumapili mchungaji Kiilu alipita baada ya ibada. Mimi ni mzee wa kanisa, na amri inayokataza sanamu ya kuchonga naisoma mbele ya watu. Tulimfunika mgeni kwa gunia safi. Mchungaji alikaa, akanywa chai, akaomba, akaongeza kikombe, na jasho lilinitoka mpaka akauliza kama nina malaria. Baada ya kwenda zake nilijiambia kwamba simtengenezi mungu, namtengenezea mtoto wa tajiri wangu shida yake. Sijui kama mbinguni watalipokea jibu hilo.

Sasa habari njema. Mkono umeunganika! Mpasuko ulikuwa safi, nyuzi za mti zimeingiana vizuri kama vidole vya watu wawili. Vijana pale mashineni waliniambia nitumie gundi mpya ya kopo ya Wazungu. Nikakataa. Gundi ile ikishika imeshika, na siku kitu kikivunjika tena kinavunjika na mti wenyewe. Fundi wa kesho atakulaani. Mimi nimetumia gundi yetu ya moto, ile ya kwato na ngozi za ng'ombe. Niliichemsha taratibu tangu asubuhi kwenye kopo lake, pale pale mezani chini ya mgeni wako, ikawa laini kama uji. Inashika miaka na miaka, lakini ukiipa mvuke na subira inakubali kuachia. Gundi nzuri ni ile inayokubali kufunguliwa.

Nimeufunga mkono kwa uzi mpaka ukauke vizuri. Wiki ijayo Makau atamleta. Lala usingizi sasa.

Wako,
Muasya wa Kisilu

*

Thika,
18 Februari 1955

Baba Kamene,

Kwato! Umechemsha kwato za ng'ombe ukampaka Krishna!

Hai Ram, sijui nianzie wapi. Krishna ndiye mchunga ng'ombe. Umewahi kumwona kwenye picha pale dukani kwa baba bila ndama pembeni yake? Nyumba nzima mnakula maharagwe kwa heshima yake, halafu chini ya miguu yake mnachemsha ng'ombe! Mkono uliovunjika ningeweza kuuficha. Hili ni baya kuliko kuvunjika. Umemchafua. Afadhali usingemgusa kabisa, ningemfunga kwa kamba mwenyewe.

Biji kila asubuhi anaketi mbele ya mahali pake patupu na kumwimbia vile vile, ili akirudi asidhani tulimsahau. Leo ameniuliza taji limefika wapi. Nimesema wanalisugua. Na nitamrudishia nini sasa?

Usimlete. Usifanye lolote. Acha nifikiri.

Shakuntala

*

Ruiru,
21 Februari 1955

Mama Madhuri,

Barua yako nimeisoma, nikampa Mbithe aisome, nikaisoma tena nikidhani pengine macho yangu ndiyo mabaya.

"Umemchafua." "Afadhali usingemgusa kabisa."

Mikono hii ndiyo iliyokushika ulipokuwa unajifunza kutembea kwenye vumbi la mbao la baba yako. Ulikula ugali kwenye sahani yangu, ukalala mgongoni kwa mke wangu. Siku hizo hakuna aliyesema tumekuchafua. Lakini mtoto hukua, huolewa Thika kwenye nyumba ya watu wakubwa, na hujifunza nani anaguswa na nani haguswi. Najua mafundi wanaoingilia mlango wa nyuma na kupewa chai kwenye kikombe chao cha bati. Sikudhani ningekuwa mmoja wao kwako.

Umesema usimlete. Mimi siwezi kukaa nyumbani kwangu na kitu ambacho mikono yangu imekichafua. Makau amempakia asubuhi hii, na barua hii naitia posta ikutangulie. Gundi imekauka, mkono hautaanguka. Mwenye kujua kusafisha amsafishe.

Muasya wa Kisilu

*

Thika,
23 Februari 1955

Baba yangu, baba yangu,

Natuma kwa posta kwa sababu Makau hajafika. Tangu asubuhi nasimama mlangoni kama mwenda wazimu, nikisikia lori natoka. Thakurji hayuko kwako, hayuko kwangu. Yuko wapi? Watu wanasema barabara ya Juja imefungwa na askari wanapekua kila gari. Tafadhali, hata kama hutaki kuliona jina langu tena, mtafute Makau.

Na sasa hili lingine, ambalo linaniuma kuliko hilo la kwanza. Sikuwa nasema mikono yako. Naapa kwa mwanangu Madhuri. Niliandika nikiwa nimeshikwa na hofu, sikuisoma barua kabla ya kuitia bahasha, na ulipoyarudisha maneno yangu nimeyaona kwa macho yako nikaona haya mpaka nikaifunika karatasi. Kama ningeona mikono yako ni michafu, ningekuletea mungu wa nyumba yangu? Ningemwita pandit, kuhani wetu wa Nairobi, aniambie mtoni, basi.

Ni gundi, Baba Kamene. Ni ng'ombe tu. Kwetu ng'ombe ni mama, na kumpaka Krishna mabaki ya ng'ombe aliyechinjwa ni kama mtu amuunge mwanao kwa mifupa ya mama yake. Ungejuaje? Kosa ni langu. Nilikutajia nyama, nikakutajia mayai, nikasahau gundi, maana nani hukaa akafikiria gundi? Ulifanya kazi nzuri ya fundi nami nikakutukana kwa ujinga wangu mwenyewe. Nimekukosea sana, na sijui gundi ya kuunga hilo.

Nakumbuka ulisema inakubali kufunguliwa. Je, ikifunguliwa inatoka yote?

Mtafute kwanza. Holi imekaribia na Mohanlal ameshapiga simu kwamba mabati yametoka.

Binti yako, kama bado,
Shakuntala

*

Ruiru,
3 Machi 1955

Binti yangu,

Umesema "kama bado". Mbithe amekasirika kwa maneno hayo kuliko yale ya kwanza. Anasema uyafute.

Keti, nikueleze kwa utaratibu, lakini nianze na mwisho ili usizimie: mgeni yuko kwangu, salama.

Makau alisimamishwa Juja. Askari walifungua gunia wakakuta mtu wa mti, amefungwa nyuzi mkononi, amepakwa mafuta, amefunikwa kitambaa. Hizi siku za Emajensi, za hali ya hatari, unajua wanawaza nini. Wakasema hiki ni kitu cha kiapo cha wapiganaji wa msituni. Makau akatiwa kizuizini, na mgeni wako akawekwa juu ya meza ya sajini pamoja na mapanga. Mimi sikujua lolote mpaka barua yako ilipofika. Nilivaa koti la kanisani nikaenda kituoni kwao Juja. Watu wameingia mle na hawajatoka. Nikaeleza kwamba ni mungu wa Wahindi wa Thika, nimemtengeneza mkono. Sajini akaniangalia, akasema, "Wewe ni mzee wa kanisa. Unabeba mungu wa nani?"

Nikamjibu, "Wa mtu anayemngoja."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Aliuvuta mkono aone kama kuna risasi ndani, ukakataa kutoka. Hapo, pamoja na hofu yote, nilijisikia vizuri kidogo kama fundi. Wakatuachia sote jioni, Makau akiapa kwamba kuanzia leo atabeba mbao tu.

Sasa ulilouliza. Nimefungua kiungo kwa mvuke, taratibu, mpaka mkono ukaachia. Lakini sitakudanganya. Gundi huingia ndani ya nyuzi za mti. Unaweza kuosha juu, ndani inabaki. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili, na hazikunipa raha. Ya kwanza ni kutupa mkono wote na kuchonga mpya. Ungekuwa safi, lakini ungekuwa mkono wa Muasya, si ule uliotoka Lyallpur kifuani kwa mama yenu. Ya pili ni kukata pale gundi ilipoingia tu. Ila ukikata, mkono unakuwa mfupi, filimbi haifiki mdomoni. Atakuwa anapulizia hewa.

Nilikata. Kisha nikajaza pengo kwa kipande cha msandali, mti tunaouleta kutoka kwetu Machakos, ambao nasikia hata ninyi mnautumia kwenye sala. Hakuna gundi. Nimeushika kwa vijiti vya mti huo huo, juu na chini, kila kijiti kimekaza. Filimbi imerudi mdomoni. Moshi wa taa uliomganda usoni sikuutoa. Sisi mafundi moshi kama huo tunautoa kwa pamba na mate, ila safari hii nilijifunza kuuliza kwanza, na jibu nikalijua kabla sijauliza.

Limebaki jambo moja, na hili nakuachia wewe. Pale msandali unapokutana na mti wa zamani kuna mwinuko mdogo, kama uzi. Jicho haliuoni kwa sababu nimepaka rangi. Kidole kinauona. Ningeweza kuupiga msasa ukaisha, na mama yenu asijue kamwe. Mkono wangu ulikwenda mara kadhaa ukarudi. Kumuunga ni kazi yangu. Kumficha mtu asiyeona jambo ambalo angetaka kulijua, hapo sijui kama ni ufundi au ni uongo, na mimi dhambi za mwezi huu zinanitosha. Msasa laini nimeuweka ndani ya kitambaa. Ni kazi ya dakika chache. Ukitaka, sugua. Ukitaka, acha.

Makau amekubali safari moja zaidi, kwa sababu Mbithe amemwahidi kuku akirudi. Ndiyo, mgeni akiondoka nyama itarudi.

Baba yako,
Muasya

*

Thika,
10 Machi 1955

Baba Kamene,

Nimeyafuta yale maneno, mwambie Mama Kamene.

Thakurji alifika mchana wa kuamkia Holi. Biji alikuwa amelala. Nilimfungua Thakurji jikoni, na nilipoiona filimbi mdomoni mwake nililia kwa furaha. Kisha nikapitisha kidole, nikaukuta ule uzi wako. Hutapenda ninalokuambia sasa: sikufikiri hata kidogo. Niliuchukua msasa nikaanza kusugua. Nilitaka hofu iishe. Nilitaka nimvike nguo, nimweke mahali pake, niseme taji la sonara halikumkaa vizuri, na dunia iendelee.

Nyuma yangu Biji akauliza, "Unakwaruza nini?"

Nikasema nasugua sufuria.

"Sufuria hazilii hivyo," akasema. "Na hazinukii sandali."

Nikaketi sakafuni nikamwambia yote. Kuanguka, sonara wa uongo, lori, askari, hata gundi. Nilipofika kwenye gundi alifunga masikio kwa viganja, nikadhani ndio mwisho wake. Hakunipigia kelele. Kilichomkasirisha kilikuwa kingine kabisa. Alisema, "Kwa hiyo asubuhi zote hizo uliniacha niimbie ukuta, nikingoja taji." Akanyanyuka, akapapasa mlango, akaingia chumbani. Hakula jioni ile. Ndivyo nilivyokuambia itakuwa, unakumbuka, na nilikaa nje ya mlango wake nikisikiliza kama anapumua.

Asubuhi Mohanlal akafika kutoka Mombasa, amechoka, ana vumbi, amemletea Madhuri rangi za kupakana siku ya Holi. Ikabidi nieleze mara ya pili. Hakunigombeza. Ilikuwa vibaya zaidi, alinihurumia. Akasema sheria ni sheria, sanamu iliyovunjika ni mtoni, tena hii imevunjika, imechafuliwa na imekatwa. Akasema atampeleka mwenyewe Chania kabla jua halijapanda, na kwamba mama akiuliza tutamwambia kwa upole.

Biji alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama tangu saa ngapi. Akasema, "Mohan, gari liko wapi?"

"Nje, Biji."

"Basi nipe shali yangu, utupeleke sote wawili."

Mohanlal hakuelewa. Akasema mama hana haja ya kwenda mpaka mtoni, kuna baridi.

"Ana mkono mmoja uliovunjika," Biji akasema. "Mimi nina macho mawili yaliyokufa, mwaka wa pili huu. Kila siku mnaniosha, mnanivika, mnanipa maziwa na sukari. Hakuna aliyeniambia mtoni. Kama ni sheria, ianze na mimi, mimi ni mkubwa."

Baba Kamene, ungemwona mume wangu. Mtu anayebishana na maofisa wa bandari wiki nzima! Alikaa kwenye gunia la misumari akafunika uso. Kisha akanawa mikono, akamchukua Thakurji jikoni nilipomwacha, akamwogesha mwenyewe kwa maji kidogo ya Ganga, mto wetu mtakatifu, tuliyokuwa tumeyahifadhi, kuondoa uchafu wa ile gundi, akamvika na kumweka mahali pake. Pandit atasema anachosema. Biji amesema akija atamjibu yeye.

Mimi bado naogopa. Sijui kama tumefanya dhambi, na kama tumefanya, sijui itamwangukia nani. Naliandika hili ili usidhani mambo yamekuwa mepesi.

Baada ya hapo Biji akaomba asogezwe. Akampapasa kuanzia miguuni, kama alivyozoea, tumbo, bega, kiwiko, akashuka mkononi mpaka penye msandali. Hapo kidole chake kikasimama. Mimi nilikuwa nimesugua upande mmoja tu kabla hajaingia. Upande mwingine mwinuko wako uko vile vile ulivyouacha. Alipita kwenye upande wenye mwinuko, akarudi kwenye upande laini, akapita tena. Akasema, "Hapa fundi alitaka nijue. Hapa wewe hukutaka."

Nikamwomba ruhusa niumalizie, walau mkono uwe sawa pande zote.

Akasema acha hivyo hivyo, na akaniomba nimpe maziwa ya Thakurji amnyweshe, yanapoa.

Binti yako,
Shakuntala